Siku Nyanya Alipombeba Mtoto Akatoka

Chumba chetu cha mtaa wa Kianda, Nairobi, kilikuwa na mlango mmoja na dirisha dogo lisilofunguka. Usiku tulilala humo watu wanne, na mchana wakakaa watoto wa watu. Kila asubuhi, kabla mume wangu hajaenda mjengo kuchanganya simenti, tuliinua godoro tukalisimamisha ukutani, tukasukuma meza hadi kwenye kona ya jiko, nami nikatandika mkeka na blanketi kuukuu juu yake. Mtaani kazi hii wanaiita beibikea. Mama anakuletea mtoto asubuhi akiwa na chupa ya uji na nepi za kubadilisha, anaenda kutafuta kibarua, jioni anapita kumchukua. Niliianza nilipojifungua mtoto wangu wa pili, kwa sababu watu niliokuwa nikiwafulia nguo hawakutaka nije na mtoto mgongoni. Jirani mmoja aliniachia wake, akamwambia mwenzake, na baada ya muda nikawa na watoto kama kumi, wengi wao wa kutambaa.

Msichana ninayesimulia habari zake aliletwa wakati wa mvua. Alikuwa na miaka miwili na kitu. Mamake alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kuongea haraka, aliyekuwa amehamia kijiji cha Raila, jirani na kwetu, kutoka Kawangware. Kazi yake bado ilikuwa kulekule Kawangware, kupika katika hoteli ndogo karibu na soko, na kila siku alikwenda na kurudi kwa miguu. Nilimuuliza kwa nini amehama akajiweka mbali na kazi. Akasema nyumba za kule zinavuja. Nilizaliwa na kukulia Kawangware, na najua nyumba za Raila zinavuja vilevile, lakini sikuendelea kumuuliza.

Alinipa sharti moja. Mtoto asichukuliwe na mtu mwingine yeyote. Hata mtu akija akisema ametumwa, yeye hajamtuma. Akina mama wengi husema hivyo siku ya kwanza. Huyu alinifanya nirudie maneno yenyewe, kama mtoto anayetumwa dukani, ndipo akaenda.

Msichana hakunisumbua. Alikula alichopewa, na hakuwa mtu wa kulia ovyo. Jambo moja tu: hakuweza kulala bila kushika sikio la mtu. Mchana nililala naye ubavuni kwenye mkeka, akaingiza mkono chini ya kitambaa changu cha kichwa, akalitafuta sikio, akalikunja taratibu kwa vidole mpaka usingizi ukamchukua. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa nasari wakati huo, alimpenda kupita kiasi. Akirudi saa sita mchana hakunisalimia mimi, alimuuliza kwanza "mtoto wetu" yuko wapi, kisha akaanza kumbeba huku na huku ingawa miguu ya mwenzake ilikuwa inaburuta chini.

Yule mwanamume nilimwona mara ya kwanza bila kumtilia maanani. Alikuwa amesimama kwenye kioski kinachotazamana na ploti yetu ya vyumba vya kupanga, anakunywa soda. Kijana mrefu, amevaa kofia, mikononi ana alama ndogondogo za kuungua kama walizonazo mafundi wa kuchomelea mageti. Kesho yake alikuwa hapo tena. Siku ya tatu binti yangu aliingia akiwa na ndizi mbili, moja tayari ameimenya.

Nilimuuliza amepewa na nani.

"Na anko."

"Anko gani?"

"Wa hapo nje. Ameniuliza mtoto wetu anaitwa nani. Nikamwambia, akasema anajua."

"Na nini tena?"

"Mamake anakuja saa ngapi. Nikasema jioni, akitoka Kawangware."

Nilichungulia kupitia upenyo wa mlango. Kwenye kioski hapakuwa na mtu. Nilimpokonya mtoto ndizi, akaanza kulia, na yule mwingine akalia kwa sababu mwenzake analia, na mara chumba kizima kikawa kilio. Nilikaa chini katikati yao nikiwa nimeshika zile ndizi, na sikujua ninaogopa nini hasa.

Jioni nilimwelezea mama wa mtoto: kofia, urefu, alama za mikononi. Alikaa kwenye mkeka akiwa na viatu vyake vyenye matope, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akampakata mtoto. Kisha akaniambia.

Ni babake. Walikuwa wameishi pamoja Kawangware. Hakuwa mlevi wala hakuwa mtu wa kupiga. Lakini alikuwa na wazo moja kichwani, kwamba Nairobi si mahali pa kulelea mtoto, kwenye chumba chenye moshi na mtaro mlangoni, na kwamba mtoto angekua vizuri kwa nyanyake kule magharibi, penye maziwa na uwanja. Walibishana juu ya jambo hilo mwaka mzima. Siku moja mwanamke alirudi kutoka kazini akakuta mtoto hayupo na nguo zake hazipo. Ilimchukua muda mrefu kupata nauli na ruhusa kazini ndipo akawafuata.

"Nilipofika," aliniambia, "alijificha nyuma ya sketi ya nyanyake. Alinitazama kama mtu wa sensa."

Alikaa kule siku kadhaa akiwa mgeni wa mtoto wake mwenyewe. Kisha asubuhi moja, mama mkwe alipokwenda shambani, alimfunga mtoto mgongoni akatoka naye hadi barabarani, akapanda gari la kwanza lililosimama. Hakurudi kwa yule mwanamume. Akahamia Raila. Ndiyo maana kila siku alitembea njia yote ile hadi Kawangware na kurudi.

Nilimsimulia mume wangu wakati tunakula. Aliacha kumega ugali. Akasema kesi hiyo si yetu, nimwambie huyo mama atafute mahali pengine, na nimwambie kesho. Nilimwambia mtoto hana kosa. Akasema hajamtaja mtoto, anataja mlango wetu, na watoto wetu wawili walio nyuma ya mlango huo. Kisha akaongeza kwamba hata nikimuuliza mtu yeyote katika ploti hii, ataniambia mtoto ni wa babake. Hatukupandisha sauti, kwa sababu ukuta wetu na wa jirani ulikuwa bati moja tu. Nilimwomba anipe hadi mwisho wa wiki. Alinyamaza, nami nikauchukua ukimya huo kuwa ndiyo.

Kuanzia hapo nilifunga mlango mchana kutwa. Bati lilipopata jua chumba kikawa kama sufuria. Watoto waliokuwa wamezoea kukaa kizingitini kutazama kuku na wapita njia walikuwa wakiukwaruza mlango na kulia. Binti yangu nilimkataza kucheza nje, akaninunia. Kila nyayo zilipokaribia, kila mtu alipokohoa pale kioski, nilisimama. Nilikuwa namnyonyesha mwanangu mdogo na maziwa hayashuki. Mama wa msichana naye alikuwa akiendelea kumleta kila asubuhi, kwa sababu kazi yake haikuwa na siku ya kupumzika.

Ilikuwa Ijumaa, uji wa saa nne umekwisha kunywewa, nikasikia hodi. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tena mtu mzima, ya upole. Nikafungua.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mzee mwenye kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, sweta ya kijani, raba miguuni, na mfuko mkononi. Nyuma yake, hatua chache, alikuwa yule mwanamume wa kofia. Mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza habari yangu, ya mume wangu, ya watoto hawa wote, akamshukuru Mungu kwa kila jibu. Na huku akishukuru akawa ameshavua raba, ameshaingia, ameshakaa kwenye mkeka. Kumzuia kungekuwa kumsukuma mzee kwa mikono. Sikuweza. Mwanawe alibaki nje, akakaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji uliokuwa karibu na mlango.

Msichana alikuwa amelala. Aliamka kwa sauti ile. Alikaa, akamwangalia yule mama kwa muda, kisha akatambaa kwa magoti ingawa alikuwa anajua kutembea siku nyingi, akapanda mapajani, akaingiza mkono chini ya kitambaa cheupe, akashika sikio.

Hapo ndipo nilipojua tabia hiyo alijifunzia wapi. Yule mama alifumba macho.

Niliingia kwenye kona ya jiko nikampigia mama wa mtoto. Hapatikani. Nikapiga tena. Alikuwa akiacha simu ikichajiwa mahali fulani nje ya jiko la hoteli, nililijua hilo, na niliendelea kupiga hata hivyo. Kisha nikateleka chai, kwa sababu mgeni ni mgeni, na kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Nilimwambia kwa heshima zote kwamba mtoto huyu aliletwa na mamake, na mamake ndiye nitakayemrudishia. Nikamwomba tumngoje aje, wakae wote wazungumze.

Alinywa chai yake kidogokidogo. "Mwanangu," akasema, "wewe unafanya kazi nzuri, sina neno nawe. Lakini nikwambie. Nilitoka shambani nikakuta kitanda kitupu. Nilimwita, nikazunguka nyumba. Watu wakaja wakaingia kisimani kwa kamba kumtafuta. Mimi nilikuwa nimesimama pale juu, nangoja wamtoe. Unajua kungoja kitu kama hicho?"

Nilikuwa nimeisikia hadithi hii kutoka kwa mama wa mtoto, lakini ndani yake hamkuwa na kisima.

"Ungekuwa wewe ungefanya nini?" akaniuliza.

Jirani yangu ndiye aliyejibu, kutoka upande wa pili wa bati. Alikuwa anakaanga mandazi ya kuuza mlangoni kwake na hakukuwa na neno letu lililompita. Alisema nimpe mama wa watu mjukuu wake, nina wasiwasi gani, hata sura si zinafanana. Mwanamke mwingine aliyekuwa akinunua alisema ni kweli, wasichana wa siku hizi wanatembea na watoto kama mizigo. Yule mwanamume alibaki amekaa kwenye mtungi. Aliangalia chini muda wote.

Nilirudia kwamba tumngoje mamake. Nyanya akasema sawa, tungoje. Alilisema kwa sauti ileile ya upole, nami nikamwamini. Binti yangu alirudi kutoka nasari, akavua viatu, akamwita mgeni shosho, yaani nyanya, akajisogeza karibu naye kutazama mfuko wake una nini. Ulikuwa na unga wa wimbi na mayai yaliyofungwa kwenye gazeti.

Kisha mtoto mmoja akajichafua, vibaya, hadi mgongoni. Hilo halingojei mtu. Nilimbeba hadi kwenye kona ya jiko penye beseni, nikawapa wengine mgongo, nikaanza kumwosha. Alikuwa anarusha miguu na kupiga kelele. Nilimpangusa, nikamfunga nepi.

"Mama," binti yangu akasema. "Shosho ameenda na mtoto wetu."

Niligeuka. Mlango ulikuwa wazi, mwanga wote umeingia. Raba hazikuwepo. Mfuko wa unga ulikuwa umebaki kwenye mkeka.

Nilitoka na mtoto yule niliyemwosha mikononi, nikamweka mapajani mwa jirani yangu aliyekuwa amekaa mbele ya karai la mafuta. Nikamwambia nishikie watoto. Sikungoja kuona kama atakubali. Nilisikia tu kigoda chake kikianguka, na sauti yake ikimwambia binti yangu afunge mlango, na nikajua ameingia.

Nilikimbia bila viatu. Njia ya kutoka kwenye ploti yetu hupita kati ya kuta za bati, mtaro katikati, nguo zimeanikwa juu, kisha inapinda mara mbili kabla ya kufika barabarani upande wa mtaa wa Olympic. Niliteleza nikaegemea ukuta, bati likanichana mkono, sikulisikia mpaka baadaye. Nilichokuwa nacho kichwani ni kwamba nyanya ana magoti mabovu, nilimwona akikaa. Hawezi kwenda haraka. Hawezi kwenda haraka.

Walikuwa wamefika barabarani. Bodaboda ilikuwa imewashwa, dereva amekaa, mwanamume anamsaidia mamake kupanda, na mtoto amebanwa kifuani mwa nyanya, analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Sikumgusa mtoto. Nilijua nikimvuta nitamuumiza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki, nikazima, nikachomoa ufunguo, nikaukunja kiganjani.

Dereva alinitazama kama mwendawazimu. Akasema yeye yuko kazini tu, nimpe ufunguo wake.

Pale steji, bodaboda zinapongojea abiria, huwa kuna vijana, wengine wa bodaboda, wengine wa kuosha magari, wengine hawana kazi siku hiyo. Wananijua. Wawili kati yao wadogo zao walipitia kwenye mkeka wangu. Waliona niko peku, damu mkononi, napumua kwa shida, na mtoto analia mikononi mwa watu wasiowajua. Walianza kusogea.

"Mathe, kuna nini?" mmoja akauliza, akiniita mama kwa lugha yao ya mtaani. "Huyu buda amekufanyia nini?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Kuiba mtoto. Nilihitaji kulisema mara moja tu, hata si kwa sauti kubwa.

Nilipokuwa msichana kule Kawangware nililisikia likisemwa. Lilisemwa na mwanamke aliyekuwa kwenye bomba la maji, akimwonyesha mwanamume aliyebeba mtoto anayelia. Sikuona yote ambayo watu walimfanyia, kwa sababu mamangu alinivuta ndani akanifunika uso kwa leso yake. Lakini kesho yake nilipita pale nikienda shule. Viatu vyake vilikuwa barabarani, vyeusi, vimepigwa rangi vizuri, na vilikaa pale siku nyingi kwa sababu hakuna aliyetaka kuvigusa. Baadaye tukasikia alikuwa mjomba wa yule mtoto, alikuwa akimpeleka hospitali.

Niliwaambia wale vijana hakuna kitu. Ni mambo ya nyumbani. Huyu ni mamangu, nikasema, nikimwonyesha nyanya, anataka kwenda kabla hajala, na mimi nimekataa.

Hawakuamini sana. Walisimama palepale.

Kisha nikamsogelea yule mwanamume karibu hadi nikanusa moshi wa chuma kwenye nguo zake, nikamwambia polepole ili wasisikie wengine.

"Hawa wananijua mimi. Wewe hawakujui. Nikisema neno moja hapa, mamako atakuona ukifa. Sitaki kulisema. Mshushe, turudi nyumbani."

"Ni mtoto wangu," akasema.

"Najua."

"Ni mtoto wangu, sijaiba."

"Najua. Waangalie wale. Unafikiri watakuuliza?"

Aliwaangalia. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu mdogo kuliko nilivyodhani. Mmoja wa wale vijana alikuwa ameshaokota jiwe, si kwa hasira, ni kama mtu anayetaka tu mkono wake uwe na kitu. Sijui nyanya alisikia kiasi gani cha maneno yetu, lakini jiwe aliliona. Alishuka kwenye pikipiki mwenyewe, bila kushikwa, mtoto bado kifuani.

"Mwanangu, twende," akamwambia.

Nilimrudishia dereva ufunguo. Nyanya alinishika mkono, ule ambao haukuchanwa, akaniegemea kama mtu anavyomwegemea binti yake, na nikamwachia, kwa sababu macho yote yalikuwa juu yetu na tulilazimika kutembea kama jamaa moja. Mwanawe alitembea mbele. Sikugeuka nyuma. Nilisikia nyayo zikitufuata hadi kwenye kona ya kwanza, kisha hazikufuata tena. Mkono wa yule mama ulikuwa baridi na ulinibana hadi nikafa ganzi.

Jirani yangu alikuwa amekaa katikati ya mkeka, mtoto kwenye kila paja, mmoja amemlalia mgongoni, wote wana unga wa mandazi usoni. Nilitazama nyuso moja baada ya nyingine. Wote walikuwepo. Mwanangu mdogo alikuwa analia njaa, nikamnyonyesha nikiwa nimesimama, nimeegemea mlango uliofungwa. Jirani alinifunga mkono kwa kitambaa. Hakusema tena habari za kumpa mtu mtoto wake.

Tulingoja. Sijui niseme vipi jinsi mchana ule ulivyokwenda. Watoto walitaka kula, wakalishwa. Nyanya alimlisha mjukuu wake, kisha akawalisha wengine, kwa sababu midomo ilikuwa imefunguka mbele yake. Yule mwanamume alikaa tena juu ya mtungi, safari hii upande wa ndani wa mlango, kichwa mikononi. Hatimaye simu yangu ikalia. Mama wa mtoto alikuwa ameona nilivyompigia. Nilimwambia mtoto yuko salama, ninaye, na aje sasa hivi.

Alikuja na bodaboda, aproni ya hoteli bado kiunoni. Alipoingia akawaona, nilisogea nikasimama kati yao, nikidhani atarusha mkono. Hakurusha. Alimtazama mama mkwe wake, naye akatazamwa.

"Ulinichukulia mtoto nikiwa shambani," nyanya akasema.

"Nyinyi mlinichukulia kwanza."

"Watu waliingia kisimani."

Mwanamke alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani naye hakuwa amewahi kukisikia kisima. Alikaa chini, si karibu naye, na hakumnyang'anya mtoto. Mtoto alikuwa amelala huku ameshika sikio la nyanyake. Walikaa hivyo, na kelele za watoto wengine zikaendelea juu yao, mpaka mume wangu aliporudi kutoka mjengo akiwa na vumbi la simenti, akakuta chumba chake kimejaa watu asiowajua na mke wake amefungwa kitambaa cha damu.

Ni yeye aliyesema waende kwa chifu Jumatatu, na kwamba mpaka Jumatatu mtoto alale kwa mamake, na wageni watafutiwe mahali pa kulala. Alilisema bila ukali, na yule mwanamume akakubali, labda kwa sababu lilisemwa na mwanamume mwenzake. Hilo lilinikera.

Walipoondoka wote, mume wangu aliniangalia mkono. Nilingoja aseme kwamba alikuwa ameshanionya. Alisema kwamba kama mmoja wa watoto wa watu angetambaa hadi kwenye karai la mafuta wakati nimekimbia, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Ilikuwa kweli. Nilimwambia najua. Akauliza kwa nini basi sikupiga tu kelele, watu wakasaidia. Nikamweleza kwa nini.

Binti yetu alikuwa amekaa juu ya godoro, anatusikiliza. "Baba," akasema, "wewe unaweza kuniiba?"

Mume wangu aliweka chini kikombe chake. Akamwambia hapana, kwa nini amwibe na wanakaa pamoja. Binti akauliza, je, wasipokaa pamoja? Babake alinitazama mimi. Alimwita, akamweka mapajani, akamwambia hata wasipokaa pamoja atakuja kupitia mlangoni na kusema hodi. Mtoto aliwaza. Kisha akasema hata wale walisema hodi.

Kwa chifu nilikwenda kama shahidi. Palikuwa na afisa wa watoto, mwanamke mchovu mwenye sauti ndogo, na hakumkemea mtu yeyote. Waliongea hadi mchana. Mwishowe walikubaliana mtoto abaki na mamake, babake amwone kila Jumamosi, na shule zikifungwa, akishakua wa kuzielewa hizo safari, aende kwa nyanyake na kurudishwa. Lakini mama wa mtoto hakutaka Jumamosi hizo ziwe nyumbani kwake, wala kwa yule mwanamume. Wakageuka wote wakaniangalia mimi. Niliwaza juu ya mume wangu kabla sijakubali, na nikakubali hivyo hivyo.

Kwa hiyo kila Jumamosi babake alikuja. Alisema hodi, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka na magoti yake marefu yakifika karibu na kidevu, na mama wa mtoto, aliyekuwa ameomba ruhusa ya Jumamosi hizo kazini, akakaa kizingitini akisuka au akichambua mboga, mgongo wake ukiwa umeziba mlango. Hawakuongea. Mwanzoni mtoto alimwogopa, na akisogezwa karibu naye alinishika sketi. Mimi nilifanya kazi zangu huku jicho moja likiwa kwake. Akinyoosha mkono kuchukua kitu, nilishtuka. Akiinuka kwenda msalani, niligeuka kumtafuta msichana yuko wapi. Nyanya alikuwa amerudi kwake, na alituma salamu na unga kwa watu waliokuwa wakija Nairobi.

Jumamosi moja, miezi ilikuwa imepita, watoto wengine watatu waliletwa bila kutarajiwa kwa sababu mama zao walipata kazi ya harusi mahali fulani. Uji ulikuwa unafurika jikoni, mmoja ametapika, mwingine analia na kung'ang'ana nimbebe. Nilimchukua huyo anayelia, mtoto wa mtu mwingine kabisa, nikampa mwanamume yule bila kufikiri, nikaenda kuteremsha sufuria. Nilipogeuka nilimwona amempokea kwa mikono miwili, amemwinua mbali na mwili wake kama chuma cha moto, hajui amweke wapi. Mama wa msichana aliyekuwa kizingitini alikuwa ameacha kusuka.

"Mweke begani," akamwambia. "Shikilia kichwa."

Akamweka begani.